Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Mzumbe

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake cha kwanza. Mlimani, kilipo chuo hicho leo, hapakuwa na darasa hata moja wakati huo. Masomo yalianzia katika jengo la TANU, chama kilichopigania uhuru, Mtaa wa Lumumba, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, mahali ambapo ukitoka mlangoni na kukata kona mbili tatu umeshaingia Kariakoo. Kitivo kilikuwa kimoja, cha Sheria, na wanafunzi walikuwa 14. Mkuu wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Shahada zilitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London, maana chuo hiki kilikuwa kishiriki chake.

Chama cha siasa kutoa jengo lake ili liwe chuo kikuu si jambo la kawaida. Mipango ya awali ilitaka watu wangoje: ardhi ipatikane, fedha zichangwe, majengo yasimame, ndipo wanafunzi waitwe. Viongozi wa TANU waliona kwamba kungoja ni kuendelea kuongozwa na wageni hata baada ya uhuru. Walikuwa na sababu ya kuona hivyo. Mwishoni mwa 1961 nafasi za juu na za kati katika utumishi wa serikali zilikuwa 4,452, na zilizoshikwa na wananchi zilikuwa 1,170 tu, karibu robo. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu hadi uzeeni kwamba nchi ilirithi wahandisi 2 na madaktari 12. Kwa hesabu hiyo, hata bendera ikibadilishwa, faili zingebaki mikononi mwa walewale.

Sheria ilitangulia kwa sababu ya mgawanyo wa kazi uliokubaliwa Afrika Mashariki. Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi ilikuwa na uhandisi, na hapakuwa na chuo chochote katika nchi hizi tatu kilichofundisha sheria kwa kiwango cha shahada. Dar es Salaam ikachukua pengo hilo. Katika miaka ya mwanzo kitivo hicho kilimpokea Julie Manning, mwanamke pekee katika darasa lake. Baadaye akawa jaji, na mwaka 1975 akateuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Darasa dogo la Lumumba lilikuwa limeanza kuzaa serikali.

Lakini nikisema kwamba kufundishwa kutawala kulianza siku ile ya Oktoba nitakuwa nimewanyima haki watu wa mitaa iliyolizunguka jengo lile. Chama cha Waafrika kiliundwa mwaka 1929, na wanachama wake walijijengea nyumba yao wenyewe katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, huohuo ambao baadaye ulipewa jina la Patrice Lumumba. Humo makarani, walimu, wafanyabiashara na vibarua walijifunza mambo ambayo serikali ya kikoloni haikuwa na nia ya kuwafundisha: kuendesha mkutano kwa ajenda, kuandika kumbukumbu, kukusanya ada na kuitolea hesabu, kumchagua mwenyekiti na kumwondoa, kuandika malalamiko kwa Gavana kwa lugha isiyomtukana wala kumnyenyekea. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa hapo hapo. Waliokutana siku ile walikuwa na miaka 25 ya mazoezi nyuma yao.

Nyerere mwenyewe alipokuja Dar es Salaam alikuwa na shahada ya Edinburgh aliyoipata mwaka 1952. Alifundisha Pugu, katika shule ya St. Francis, na tarehe 17 Aprili 1953 akachaguliwa rais wa chama kile cha Waafrika. Machi 1955, baada ya kwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, aliacha ualimu. Kuanzia hapo mji ukawa shule yake. Kwa muda alikaa Kariakoo kwa rafiki yake Abdulwahid Sykes. Kisha akajenga nyumba ya kawaida Magomeni, Mtaa wa Ifunda, nyumba ambayo leo ni makumbusho. Mama Maria aliendesha duka dogo ili nyumba isilale njaa. Wazee wa TANU waliokutana katika mabaraza ya Kariakoo na Gerezani walimfundisha kijana yule namna ya kuzungumza na watu wa pwani, lini aseme na lini anyamaze. Edinburgh haikuwa na somo hilo.

Na Bibi Titi Mohamed hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa mwimbaji wa lelemama, anayejulikana katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini. Mwaka 1955, alipokabidhiwa tawi la wanawake la TANU, aliyatumia mawasiliano yale yale ya ngoma, viongozi wake, nidhamu yake na michango yake, akaingiza maelfu ya wanawake katika chama kwa miezi michache. Mtu akiniuliza nani alikuwa mwalimu hodari zaidi wa mambo ya umma katika Dar es Salaam ya miaka ile, nitamtaja yeye kabla ya profesa yeyote.

Ndiyo maana chuo cha kwanza ambacho TANU yenyewe ilikibuni hakikuwa chuo kikuu. Kilikuwa Kivukoni. Kilifunguliwa Julai 1961, miezi mitatu kabla ya darasa la sheria, kule Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari. Mfano wake ulikuwa Chuo cha Ruskin cha Oxford, kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wafanyakazi watu wazima ambao shule iliwapita. Mwingereza Joan Wicken, aliyekuja Tanganyika kwanza kwa utafiti katika miaka ya 1950, ndiye aliyehangaika kuutafutia mradi huo fedha kwao. Halafu akarudi, akawa msaidizi binafsi wa Nyerere kwa zaidi ya miaka 30.

Kivukoni haikuuliza cheti cha mwombaji. Iliuliza amefanya nini. Walioitwa walikuwa makatibu wa matawi ya TANU, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watu wa ushirika wa pamba na kahawa, wengine wakiwa wameishia darasa la saba au la nane. Walifundishwa uchumi, historia, siasa na namna serikali inavyofanya kazi, na walishika jembe na ufagio pia, kwani chuo kiliendeshwa kwa mikono yao. Katibu wa chama kutoka wilayani aliyekuwa akikusanya ada chini ya mwembe alikaa meza moja na mhadhiri na kubishana naye kuhusu bei ya pamba. Naliona hilo kuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyofanywa mwaka ule. Nchi isiyo na wasomi ilikuwa na viongozi wengi, na Kivukoni ikaamua kuwasomesha viongozi badala ya kungoja wasomi wakue wawe viongozi.

Basi kufikia Desemba 1961 Dar es Salaam ilikuwa na madarasa mawili yenye majibu mawili. Lumumba ilimtaka mwenye vyeti. Kivukoni ilimtaka mwenye uzoefu. Nani anastahili kiti katika darasa la utawala? Historia yote iliyofuata inazunguka hapo.

Januari 1962, mwezi mmoja na nusu tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili arudi kukijenga chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Kawawa alitoka katika chama cha wafanyakazi, hakuwa na shahada, na alisukuma kwa nguvu zoezi la kuwaweka wananchi katika ofisi za serikali. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria, na kazi walizokuwa wakizifanya zikahamia kwa halmashauri na watumishi wapya. Wilaya zilihitaji watu mara moja, wajuao kutunza daftari la mapato, kusoma waraka kutoka wizarani na kusuluhisha kesi ya shamba. Mwaka huohuo chuo cha Dar es Salaam kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kiliaga Lumumba na kuhamia kilimani, upande wa Ubungo, ambako watu bado wanakuita Mlimani. Idara ya Sayansi ya Siasa ilianza kule.

Kuhama kule kulileta nafasi, maktaba na mabweni. Kulileta pia umbali. Kutoka Lumumba mwanafunzi alimsikia mchukuzi wa magunia akipiga kelele apishwe njia. Kutoka Mlimani aliuona mji kwa chini. Sidhani kama ni haki kuwalaumu vijana kwa ramani waliyochorewa, lakini umbali ule ulionekana waziwazi tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu yake kambini na sehemu iliyobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi takriban 400, wengi wao wa Mlimani, waliandamana hadi Ikulu. Mmoja alibeba bango lililosema afadhali ukoloni. Nyerere aliwasikiliza wakisoma madai yao mpaka mwisho, kisha akawafukuza chuoni na kuamuru warudishwe makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia.

Azimio la Arusha lilifuata tarehe 5 Februari 1967, likiwa na masharti ya uongozi yaliyomzuia kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Machi 1967 chuo kiliitisha mkutano kujiuliza kinafanya nini katika nchi ya kijamaa. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye mwaka ule. Mlimani uliofuata ulikuwa mwingine kabisa. Walter Rodney alifundisha historia hapo. Yoweri Museveni alisoma sayansi ya siasa, akahitimu mwaka 1970 akiwa kiongozi wa kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Issa Shivji alitoka katika Kitivo cha Sheria na kuandika juu ya matabaka ndani ya nchi iliyojitangaza ya kijamaa. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojitegemea. Vijana waliposoma Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowapa wafanyakazi haki ya kumhoji kiongozi mwenye ubabe, waliutumia kuuhoji uongozi wa chuo chao. Julai mwaka huo rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alikamatwa na polisi na kuondolewa chuoni.

Kivukoni nayo ilibadilika mwaka 1971. Ilifanywa chuo cha itikadi cha TANU, na baada ya 1977 cha CCM, mrithi wa TANU. Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Chuo kilichoanzishwa ili katibu wa ushirika aweze kubishana na mhadhiri kilielekezwa kufundisha msimamo uliokwisha kuamuliwa. Kilifundisha watu wengi zaidi, na heshima yake katika nchi ilipanda, lakini nafasi ya kubishana ilipungua. Ni haki pia kukumbuka kwamba vyuo vya namna yake kwingine Afrika viliishi muda mfupi. Chuo cha Lumumba cha Nairobi, alichokisimamia Oginga Odinga, kilifunguliwa mwishoni mwa 1964 na kufikia katikati ya 1965 kilikuwa kimefungwa. Chuo cha itikadi cha Kwame Nkrumah kule Winneba kilikufa na mapinduzi ya Februari 1966. Kivukoni iliendelea.

Mwaka 1974 swali la kiti darasani lilijibiwa kwa amri. Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, na apate pendekezo la mwajiri na la chama. Lilikuwa wazo la Kivukoni likipandishwa Mlimani. Utekelezaji wake ulikuwa mgumu, maana pendekezo la chama lilimpa katibu wa tawi mamlaka juu ya maisha ya kijana asiyempenda, na wasichana waliozuiwa kwa miaka miwili wengi wao hawakurudi tena masomoni. Masharti yakalegezwa hatua kwa hatua. Pamoja na hayo, madarasa ya miaka ile yalikuwa na muuguzi, karani wa benki na mwalimu wa shule ya msingi waliojua ofisi ya serikali inavyonuka karatasi, na mhadhiri hakuweza kuwadanganya.

Chuo cha tatu katika historia hii ni kikongwe kuliko vyote viwili. Mwaka 1953, Gavana Edward Twining alipokuwa akitunga sheria mpya ya serikali za mitaa, ilianzishwa shule pale Mzumbe, zaidi ya kilomita 20 kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, chini ya milima ya Uluguru. Ilifundisha machifu, makarani wa mahakama za wenyeji na wahasibu wa hazina za wenyeji. Ukoloni ulitaka watu wa kutekeleza amri zake kwa utaratibu. Uhuru ulipokuja, shule ileile ikafundisha madiwani na watumishi wa halmashauri. Majengo yalikuwa yaleyale, hata baadhi ya masomo, lakini bwana aliyetumikiwa alikuwa mwingine.

Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho kizazi kizima cha watumishi kinakijua kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, IDM. Maofisa utawala, wahasibu na wapangaji mipango wa mikoa walipita pale. Mwaka huohuo, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, serikali ilizifuta halmashauri za wilaya na kuwapeleka wilayani watumishi wa serikali kuu. Mzumbe ilipata watu wengi wa kufundisha kwa wakati uleule ambao wananchi walipoteza madiwani waliowachagua. Mtaalamu akachukua kiti cha mwakilishi. Barabara za vijijini na zahanati ziliendelea kwa muda kwa fedha za serikali kuu, kisha nchi ilipoingia katika uchumi mgumu wa mwisho wa miaka ya 1970, wilayani hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Mwaka 1984, akiwa karibu kung'atuka, Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Sheria za 1982 zilikuwa zimekwisha kuzirudisha halmashauri, na zilianza kazi mwaka 1984.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana ni ya jana. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Kivukoni ilitoka mikononi mwa chama ikawa chuo cha sayansi ya jamii cha serikali, na kwa sheria ya 2005 ikapewa jina la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo wa 1992 ilitungwa sheria ya Chuo Kikuu Huria, chenye makao makuu Kinondoni. Mwaka 1994 kilianzishwa chuo cha serikali za mitaa Hombolo, Dodoma. IDM ikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe mwaka 2001, chenye skuli yake ya utawala wa umma na kampasi Dar es Salaam. Februari 2022 ilifunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, Kibaha, kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM ikiwemo, na Chama cha Kikomunisti cha China kilisaidia kuijenga. Tanzania ya leo haina upungufu wa madarasa ya uongozi.

Rudi sasa Magomeni, tembea kutoka Mapipa hadi Mwembechai, uangalie ni nani anayemtawala mwananchi kwa karibu. Ni mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Tangazo la ajira la mtendaji humtaka awe na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani inayofanana, kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, na sheria humtaka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Huyu ndiye anayeandika barua ya utambulisho unapotaka kufungua akaunti au kumdhamini ndugu yako polisi. Ndiye anayeamua ugomvi wa ukuta na mfereji wa maji machafu, anayepanga ulinzi shirikishi, anayesoma mapato na matumizi mbele ya mkutano wa mtaa. Hana mshahara. Baada ya kiapo hupewa semina fupi, na kazi inaanza.

Yeye ndiye mrithi halisi wa watu wa New Street na wa Bibi Titi. Ndiye aliyekuwa akitafutwa na Kivukoni ya 1961: mtu mzima, mwenye uzoefu na imani ya majirani, asiye na cheti. Hukumu yangu juu ya miaka hii yote ni kwamba nchi ilikosea kila ilipomchagua mmoja na kumwacha mwingine, mwenye cheti au mwenye uzoefu, na ilipatia kila ilipowakalisha pamoja. Mtaani tumemwachia mwenyekiti uzoefu wake tu, na mtendaji cheti chake tu, na tunashangaa wakigombana juu ya muhuri.

Vyuo viko karibu. Chuo Kikuu Huria kiko Kinondoni, kampasi ya Mzumbe iko mjini, Kivukoni iko ng'ambo ya kivuko. Naviomba vifungue darasa la jioni, kwa Kiswahili, lisilodai cheti, ambamo mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati na mtendaji watasoma pamoja bajeti ya kata yao na sheria zinazowaongoza. Na wewe msomaji unayekaa mjini, ulizia darasa hilo kwenye mkutano wa mtaa wako. Wenyeviti waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana muhula wa miaka mitano, na inafaa waanze kusoma wakiwa bado ofisini.